Uhuru na Kazi: Watoto Wetu na Mashine za Hospitali

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, wageni waalikwa, na ninyi vijana mnaokulia hapa Johannesburg: heri ya tarehe 9 Desemba.

Tumeombwa sisi wazazi wenye watoto vyuoni tuseme machache kuhusu elimu. Tutagusa fani moja tu, uhandisi wa vifaa tiba, kwa sababu imezua ubishi katika nyumba zetu kadhaa. Mtoto amefaulu hisabati na fizikia. Mzazi anataka daktari. Mtoto anataka kutengeneza mashine anazotumia daktari. Mzazi anang'aka: "Nimekulipia ada miaka yote hii uje kuwa fundi?"

Tulitazame hilo neno fundi. Allan Cormack alizaliwa katika jiji hili mwaka 1924. Mwaka 1956, akiwa mwalimu wa fizikia Cape Town, alifanya kazi kwa muda katika Hospitali ya Groote Schuur. Huko alijiuliza: tutajuaje mionzi inapungua kiasi gani inapopita sehemu mbalimbali za mwili? Hakuanza na mgonjwa. Alianza na kipande cha alumini kilichozungushiwa mbao, akakipima. Hesabu zake ni sehemu ya msingi wa kipimo cha CT-skani, na mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Godfrey Hounsfield wa Uingereza.

Mtasema huyo alikuwa mwalimu. Basi tuwatazame wanafunzi. Katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, vijana wa shahada ya kwanza walipewa tatizo la watoto wachanga wanaoshindwa kupumua katika hospitali zisizomudu mashine za bei kubwa. Walichukua pampu za matangi ya samaki wa mapambo, wakaunda kifaa cha kusukuma hewa mapafuni. Kikaboreshwa, kikajaribiwa Blantyre, kwa majirani zetu Wamalawi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: kati ya watoto waliowekewa kifaa hicho, asilimia 71 waliishi, kati ya waliopewa oksijeni peke yake, asilimia 44.

Kazi ya namna hiyo sasa ipo nyumbani pia. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, inashirikiana na chuo hichohicho, na wanafunzi wake wanajifunza kubuni na kuunda vifaa kwa ajili ya hospitali zetu. Hapa Braamfontein, Wits inafundisha uhandisi huu katika shahada ya kwanza.

Kwa nini jambo hili lituhusu leo? Mwaka 2011 watafiti walikusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo. Asilimia 38 havikuwa vikifanya kazi. Sababu kubwa zilikuwa upungufu wa mafunzo, usimamizi dhaifu wa vifaa, na miundombinu mibovu kama umeme. Maana yake, kusafirisha mashine nyingine kwa kontena hakutoshi. Anahitajika mtu anayejua kuifungua, kuitengeneza, na kubuni itakayohimili joto, vumbi na umeme unaokatika.

Wazazi wenzetu, mtoto akiomba kubaki maabara wakati wa likizo, au akijaza meza ya chakula nyaya na skrubu, tusimwone anapoteza muda. Huko ndiko anakojifunza kwamba jibu la kwenye karatasi linaweza kugoma kwenye kifaa, na kwamba kugoma huko ni swali jipya la utafiti.

Nanyi vijana, mkienda nyumbani kusalimia bibi na babu, ombeni ruhusa kutembelea karakana ya hospitali ya mkoa. Msalimieni fundi kwa heshima, kisha mwulizeni: mashine ipi imesimama, na kwa nini? Rudini chuoni na jibu lake. Hiyo ni mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, na huenda ikawa uhai wa mtoto wa jirani.

Mwaka 1961 wazee wetu walisema Uhuru na Kazi. Uhuru tumeurithi. Kazi ndiyo hiyo.