Shilingi za Fedha za Uingereza na Jinsi ya Kuzitambua
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Sisi makarani twajua ya kuwa hati isiyo na tarehe ni nusu ya hati. Twapenda kuonyesha ya kuwa ndivyo ilivyo pia katika shilingi za kale za Uingereza, ambazo baadhi yetu twazikusanya, na wengine wamezirithi kwa wazee wao.

Sheria ya mwaka 1816 iliweka shilingi ya uzito wa gramu 5.65, na katika kila sehemu 1000 za madini yake, 925 zilikuwa fedha safi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya fedha ilipanda, hata madini ya shilingi yakapita thamani ya shilingi yenyewe. Kwa hiyo mwaka 1920 fedha ilipunguzwa ikawa sehemu 500. Na tangu 1947 iliondolewa kabisa, ikatumika shaba na nikeli. Jina halikubadilika, wala upana, wala uzito. Pima shilingi ya 1919 na ya 1920, mzani hautasema neno. Lakini ya kwanza ina fedha gramu 5.23, na ya pili 2.83 tu.

Basi kwanza tutazame sura. Shilingi halali yenye kichwa cha Malkia Victoria au Mfalme Edward VII ni ya fedha ya 925. Shaka yaanza kwa Mfalme George V, maana sura yake imo katika namna zote mbili. Hapo hatuna budi kusoma tarehe.

Wala rangi isituhadae. Mwaka 1887 ilitolewa sarafu ya peni sita iliyofanana mno na nusu pauni ya dhahabu. Walaghai wakaipaka dhahabu, wakaitoa kwa thamani ya shilingi kumi. Mwaka ule ule nakshi yake ikabadilishwa, na thamani ikaandikwa kwa maneno. Hapo mzani ungaliwafichua, kwa kuwa dhahabu ni nzito kuliko fedha.

Tena, sarafu isisuguliwe kwa majivu, mchanga wala ndimu. Weusi wa fedha ya kale hauipunguzii heshima. Kusugua ndiko kunakoipunguzia bei.

Jambo hili halikuwa la Uingereza peke yake. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa na fedha robo tu; na ile ya 1948 haikuwa na fedha hata chembe.

Twasema haya kwa sababu mnunuzi mwerevu akimwendea mjane aliyeachiwa kikopo cha sarafu, atamwambia, "Shilingi ni shilingi," kisha azihesabu zote kwa bei moja. Asiyesoma tarehe atauza fedha kwa bei ya shaba. Sisi ambao kazi yetu ni kutunza kumbukumbu za watu, tusikubali jirani zetu wapunjwe. Tuketi nao, tuzipange sarafu zao kwa miaka, kabla hazijatoka mikononi mwao.