Bastola Dukani: Nani Atamwambia Mteja?



Leo twataka kuwapa habari za wenzetu wa madukani kule Marekani. Katika majimbo mengi ya nchi ile, mtu aweza kuingia dukani na bastola kiunoni, ila mwenye duka akikataa.

Tarehe 30 Julai 2019, katika duka la Walmart mjini Southaven, Mississippi, wasimamizi wawili walipigwa risasi wakafa kazini. Siku nne baadaye, katika duka la kampuni ile ile mjini El Paso, Texas, mtu mmoja aliua watu 23. Tarehe 3 Septemba kampuni ikawaomba wateja wasichukue silaha waziwazi. Iliwaomba tu, ndugu. Bastola iliyofichwa nguoni kwa kibali haikuguswa.

Wako wasemao kuwa mtu mwema mwenye bastola atamzuia mwovu, maana polisi wako mbali. Neno hilo si la kudharau. Lakini sisi watu wa reli twaujua ugomvi wa tiketi. Abiria amekasirika, karani naye amechoka. Ugomvi ule huisha kwa matusi. Je, kama wote wawili wana bastola?

Basi twasema hivi: mwenye kampuni akate shauri mwenyewe, aliandike mlangoni, aweke na walinzi waliofundishwa. Asimwachie mpokea pesa kazi ya kumkanya mtu mwenye silaha. Na kabla ya kukata shauri, awaulize wafanya kazi, kwa kuwa wao ndio wasimamao pale kutwa.