Umepona, Mbona Bado Unachechemea?

 

Leo sina mengi. Nataka uangalie unavyotembea.

Mguu ukiuma, mwili haungoji kufundishwa. Ule unaouma unaukanyaga upesi upesi, uzito unauhamishia kwenye mguu mzima, hatua inakuwa fupi. Ni hekima Mungu ameiweka ndani yetu, kulinda kidonda. Lakini ukiendelea hivyo muda mrefu, mguu mzima nao unachoka, nyonga inaanza kuuma, mgongo nao unafuata.

Mimi niliwahi kuumia goti. Miezi ikapita, nikarudi kliniki. Mama wa mazoezi ya viungo akanitazama nikiingia, akauliza, "Mzee, goti bado linauma?" Nikasema, "Hapana, siku hizi haliumi." "Sasa mbona unachechemea?" Nikakosa jibu. Mwili ulikuwa umezoea.

Nikakumbuka jambo jingine. Ndugu mmoja wa ng'ambo ya mpaka tulikosana kwa ajili ya hela za nauli ya kwaya. Alirudisha zote, tukaombeana. Lakini kila kambi ikifanyika upande ule, nina udhuru: mara kazi, mara mvua, mara pasi imeisha. Miaka minne! Deni limekwisha, mimi bado nachechemea.

Sasa fungua Mwanzo 32. Yakobo ameshindana usiku kucha, uvungu wa paja umeteguka, jua linamzukia pale Penieli akichechemea. Alikuwa na sababu nzuri ya kukaa chini. Lakini ingia sura ya 33: ametangulia mbele ya watu wake wote, anainama mara saba, anamwendea Esau, yule yule aliyemkimbia! Na Esau alipotaka waongozane, Yakobo akaomba aende polepole, kwa mwendo wa watoto na mifugo. Haleluya! Mtu wa kukimbia amejifunza kungoja wadogo.

Mpendwa, sikuambii ujifanye huumwi. Kama kidonda ni kibichi, shika mkongojo, na uushike mkono wa upande wa mguu mzima. Mwombe ndugu akuegemeze. Lakini kama kilishapona, kanyaga!

Mimi mwaka huu nimevuka. Nilichelewa, maana hatua zangu ni fupi. Nikamkuta yule ndugu kituoni ananingoja. Hakusema kitu, akapokea begi langu, tukatembea.

Mungu awabariki. Amina.