HOTUBA YA IJUMAA: DAMU YA MGENI NA MALI YAKE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewaumba wanadamu kutokana na mume mmoja na mke mmoja, akawajaalia mataifa na makabila ili wapate kujuana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri.

Ndugu Waislamu, mlio hapa msikitini na mnaosikiliza majumbani, mji wetu wa Tunduma una fundisho ambalo miji mingi haina. Mtu wetu akivuka mpaka kwenda Nakonde kwa biashara yake, yeye aliyekuwa mwenyeji asubuhi huwa mgeni adhuhuri. Akirudi jioni, amekuwa mwenyeji tena. Wanyamwanga wako upande huu na upande ule. Basi habari za watu kudhuriwa kwa sababu ya asili yao si za mbali kwetu, na leo nataka kuzungumza juu ya yaliyowapata Wachina katika nchi za watu.

Nianze kwa jirani. Katika wilaya ya Sinazongwe, kusini mwa Zambia, palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe uitwao Collum, mali ya Wachina. Oktoba 2010 wafanyakazi waliandamana kulalamikia ujira na hali ya kazi. Wasimamizi wa Kichina wakawafyatulia risasi, wakajeruhi watu zaidi ya kumi. Wawili walishtakiwa, lakini mwaka 2011 mashtaka yakaondolewa, na hasira ikabaki vifuani. Agosti 2012, katika mgogoro mwingine wa mishahara, wafanyakazi walimwua msimamizi mmoja Mchina. Hakuwa miongoni mwa wale wawili walioshtakiwa.

Malalamiko ya wachimbaji wale yalikuwa ya haki, wala mimi siyapunguzi. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na anayempiga risasi mtu anayedai haki yake ni dhalimu, awe Mchina, awe Mwarabu, awe mwenzetu. Lakini Qur'ani imetufundisha kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Kosa la Oktoba lilikuwa na watu wake. Haikujuzu kulidai kwenye damu ya mwingine miaka miwili baadaye. Na Februari 2013 serikali ya Zambia iliufutia mgodi ule leseni. Njia hiyo ilichelewa, tena ilichelewa sana, lakini haikumfisha mtu.

Sasa nihamie mbali, kwa sababu huko waliotenda wengi wao walikuwa wakisema Laa ilaaha illa Llah. Indonesia ni nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi yoyote duniani. Wamo raia wenye asili ya Kichina, wachache sana kwa hesabu, ambao wazee wao wameishi huko vizazi na vizazi. Mwaka 1997 fedha ya nchi ile ilianguka, mchele na mafuta ya kupikia vikapanda bei, na wenye maduka, ambao wengi walikuwa Wachina, wakasingiziwa kwamba ndio walioleta njaa. Tarehe 12 Mei 1998 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Trisakti mjini Jakarta waliuawa kwa risasi. Kesho yake mji ukawaka moto. Mtaa wa Glodok, wenye maduka ya Wachina, uliporwa na kuchomwa. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, na wengi wao walikuwa maskini wenyeji waliozingirwa na moto ndani ya maduka makubwa yaliyokuwa yakiporwa, kama lile la Klender. Kisha wanawake wa Kichina walinajisiwa. Tume iliyoundwa kuchunguza ilithibitisha wanawake 85 waliodhalilishwa, na 52 kati yao walibakwa.

Jambo moja katika mambo hayo yatupasa tulitafakari. Wenye maduka waliogopa, wakaandika milangoni kwamba duka hili ni la mwenyeji, au wakaandika neno Muslim, ili wachomaji walipite. Enyi Waislamu! Jina alilotupa Mwenyezi Mungu likawa alama ya kumwonyesha mporaji ni mlango upi asiuvunje, na kwa hiyo ni mlango upi auvunje. Aliyeliandika aliogopa, nami simlaumu. Namlaumu aliyelisoma akapita, akaingia kwa jirani na shoka, akidhani jina lile limempa ruhusa.

Wanafunzi wa madrasa mmesoma kisa cha Tu'ma bin Ubayriq. Wafasiri wamesimulia kwamba mtu huyu, mwenye jina la Uislamu, aliiba deraya mjini Madina, na deraya ile ikakutwa kwa Yahudi mmoja. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea mwenzao na kumtwika Yahudi wizi. Hapo ndipo ziliposhuka aya za Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105, kumkanya Mtume asiwe mtetezi wa makhaini, na kumwondolea Yahudi tuhuma. Mayahudi wa Madina walikuwa na uhasama mwingi na Waislamu siku hizo. Hata hivyo wahyi ulishuka kumtetea mtu mmoja wao, kwa sababu hakuiba.

Sisi leo huletewa uvumi kwa simu, na kabla ya alasiri tumekwisha kuhukumu. Aprili 2016, katika mitaa ya Lusaka, palitokea mauaji ya kutisha, watu wakavumisha kwamba waliotenda ni Wanyarwanda. Maduka zaidi ya 60 yakaporwa. Watu wawili wakachomwa moto hadi kufa, na serikali ikatangaza baadaye kwamba wote wawili walikuwa Wazambia. Hii ndiyo khasara aliyotuonya nayo Mola wetu katika Suratul Hujuraat aya ya 6, alipotuamrisha kuichunguza habari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta.

Najua wako watakaoninong'onea tukitoka: Sheikh, Mayahudi ni Ahlul Kitabu, Wachina hawana kitabu. Hoja hii ni dhaifu. Suratul Mumtahina, aya ya 8, haikutukataza kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu, wala haikuuliza wana kitabu gani. Na wanachuoni wa fiqhi wamekubaliana kwamba mtu aliyeingia katika nchi kwa idhini ana amani, damu yake na mali yake haziguswi. Muhuri unaopigwa pale mpakani petu katika pasipoti ni amani hiyo. Anayemvamia mwenye muhuri ule amevunja ahadi iliyotolewa kwa niaba yetu sote, na Mtume (S.A.W.) amesema kwamba mwenye kumwua mtu wa ahadi hatainusa harufu ya Pepo. Ama Mchina wa Jakarta, huyo si mgeni hata kidogo, ni mwana wa nchi.

Reli ya TAZARA inayopita hapa Tunduma ilijengwa baina ya 1970 na 1975, na Wachina waliofia kazi ile wana makaburi yao Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Enyi vijana, Mchina, Mhindi au Mkongo akikudhulumu ujira au akikupiga, nenda idara ya kazi, nenda polisi, nenda mahakamani, na sisi wazee wa msikiti tutafuatana nawe. Mzee wa nyumba akiona mwanawe ameleta kitu kilichoporwa, akirudishe siku ile ile, kwani sala inayosaliwa juu ya mkeka wa wizi ina mashaka makubwa.

Nayasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.