FARASI WA SERIKALI NA MIGUU YA ASKARI WETU

Hotuba ya katibu mwenezi wa tawi katika mkutano wa wananchi, Keko



Leo sikuja kusema habari za mitaro, ingawa najua mitaro inawakera. Nimekuja kusema habari za farasi. Nawasikia mnacheka. Chekeni kwanza, kisha mnisikilize, maana mwisho wa maneno yangu nitawaomba mbao.

Mwaka 1944 huko Denmark, Bibi Lis Hartel, mpanda farasi mwenye umri wa miaka 23, alishikwa na polio akiwa mja mzito. Alijifungua salama, lakini miguu yake kutoka magotini kwenda chini haikurudia nguvu. Bibi huyu alirudi juu ya farasi. Mwaka 1952, katika Olimpiki ya Helsinki, mchezo ule wa kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi ulifunguliwa kwa wanawake kwa mara ya kwanza. Zamani ulikuwa wa maofisa wa jeshi tu. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka, lakini akachukua medali ya fedha. Mwaka 1956 akaichukua tena.

Sasa yafaa tuulize: farasi anafanya nini hasa? Hapana uchawi. Farasi akitembea polepole, mgongo wake humsukuma mpandaji mbele na nyuma, huku na huku, juu na chini, karibu sawa na kiuno cha mtu anayetembea kwa miguu yake. Basi mtu ambaye miguu yake imekataa, kiuno chake na misuli ya mgongo hupata kazi ile ile ya kutembea. Joto la mnyama nalo hulegeza misuli iliyokakamaa. Ndiyo sababu watoto wenye mtindio wa ubongo hupandishwa farasi katika nchi nyingi, na wataalamu wameona wengi wao hukaa wima vizuri zaidi.

Kwa askari liko jambo la pili. Mtu aliyetoka vitani na moyo uliojaa kishindo hawezi kumdanganya farasi. Akishikwa na hofu, farasi naye hushtuka, akitulia, hutulia. Utafiti wa upande huu bado ni mchache kuliko ule wa watoto, wala sitawaahidi dawa. Lakini mwaka 2006, huko Fort Myer karibu na Washington, farasi wa jeshi wanaovuta majeneza kwenda makaburi ya Arlington walianza kuwabeba askari waliokatwa miguu kwa majeraha ya Iraq na Afghanistan. Farasi wale wale wa kuzika wenzao! Hawakununuliwa wapya.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Sisi tunao askari. Wako wazee waliotoka vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na wako vijana waliojeruhiwa Semuliki, mashariki ya Kongo, Desemba 2017, walipokuwa wakilinda amani ya wenzetu. Farasi nao wapo: Jeshi letu la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi hapa hapa Dar es Salaam. Farasi wa polisi amefundishwa asiogope kelele za watu, na mnyama wa namna hiyo ndiye anayefaa. Tunaomba asubuhi moja tu kwa juma, na aliyezeeka kazini lakini mwenye afya atatutosha. Kununua wetu wenyewe ni ndoto, maana chakula na dawa zake vitatushinda, na nchi hii yenye mbung'o na usubi haijapata kumhurumia farasi.

Watoto wadogo waweza kuanza na punda. Dakta Elisabeth Svendsen wa Uingereza aliwapandisha punda watoto wenye ulemavu miaka ya 1970, na shirika lake ndilo lililoanzisha hospitali ya punda kule Lamu mwaka 1987. Kwa hiyo asije mtu akasema hili ni la wakubwa wa Ulaya tu.

Lakini tusiende kama vipofu. Mwenye mifupa myepesi, mwenye kifafa kisichotulizwa na dawa, mwenye vidonda vya kukalia, hao wasipande. Daktari aseme kwanza. Kila mpandaji ahitaji watu watatu: saisi ashike hatamu, na wawili watembee ubavuni. Vijana mnaokaa kijiweni, kazi hiyo ni yenu.

Sasa mafundi. Mji mzima hununua vitanda na makabati Keko. Mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kurukia farasi. Anahitaji jukwaa kama urefu wa sentimita 90, na njia ya kupandia yenye mteremko mpole, sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Pigeni hesabu: ni karibu mita 11 za mbao, pamoja na vishikizo pande zote mbili. Likiwa la vipande linalofunguliwa, litabebwa kwa gari mpaka farasi walipo.

Barua ya kuomba farasi imeandikwa, na itasomwa hapa kabla ya kutiwa sahihi. Katika barua hiyo nataka tuseme kwamba jukwaa lipo tayari, siyo kwamba tutalitengeneza. Wenye mbao, misumari au siku moja ya kazi wajiandikishe kwa mweka hazina, yule pale mezani.