Kusema na Mkubwa wa Kazi Juu ya Safari ya Mbele

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kilwa na Lindi



Nimeombwa na wazee wa chama niseme juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulinena nyumbani kwake, hulinena barazani, hulinena hata ndani ya basi akienda Nangurukuru, wala halineni pale panapostahili. Jambo lenyewe ni hili: mtumishi mwenye nia ya kuacha kazi aliyo nayo, au kwenda masomoni, au kuhamia idara nyingine, amwambie nani, lini, na kwa maneno gani? Rai yangu ni kwamba amwambie mkubwa wake wa kazi mapema, kabla hajatia sahihi mahali pengine, na kwamba jibu alitake kwa maandishi.

Najua mtakalosema. Mtasema kwamba mkubwa akisikia karani anatazama kwingine humweka kando: safari zenye posho hupewa mwenzake, na jina lake likifika katika orodha ya mafunzo hupigwa mstari, kwa kuwa "huyu anakwenda zake." Hofu hii si ya kubezwa. Wako wakubwa wa namna hiyo, na asiyewahi kukutana nao hajafanya kazi muda mrefu. Lakini tazameni na upande wa pili. Katika miji yetu, mtu akipeleka nakala za vyeti vyake kupigwa muhuri asubuhi, adhuhuri habari imekwisha fika sokoni. Kwa hiyo haliko mikononi mwetu kwamba mkubwa ajue au asijue. Lililo mikononi mwetu ni kwamba asikie kwetu, au asikie kwa muuza kahawa. Na akisikia kwa muuza kahawa, hata neno jema huja limevaa sura ya hila.

Sisi wa pwani ya kusini tunayo sababu yetu ya kulitafakari jambo hili kuliko watu wa miji mingine, nayo ni kwamba kwetu kazi kubwa huja kwa kishindo na pengine huondoka vivyo hivyo.

Wazee wetu waliuona Mpango wa Karanga. Mwezi wa Novemba 1946 Serikali ya Uingereza iliukubali. Katika makadirio ya kwanza yalitajwa mashamba 107, kila shamba ekari 30,000, na kati ya hayo 55 yalikusudiwa kuwa katika Jimbo la Kusini, ambalo makao yake makuu yalikuwa hapa Lindi. Msitu ulifyekwa Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi. Gati la maji marefu likachimbuliwa Mtwara. Kila kazi ya namna hiyo huhitaji makarani: wa bohari, wa kuandika siku za vibarua, wa kupiga taipu, wa kupokea shehena. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, na Serikali hiyo ikafuta katika vitabu vyake paundi milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ilikwisha kung'olewa.

Sisemi haya ili kumtisha mtu asiondoke. Mwenye kukaa mahali pamoja kwa woga hana alilolichagua. Nayasema kwa sababu mtumishi aliyemuaga mkubwa wake vizuri, akapewa barua ya kuonyesha kazi yake na tabia yake, huwa na mlango wa kugonga siku kazi mpya ikifungwa. Aliyeondoka Ijumaa na Jumatatu meza yake ikaonekana tupu, huyo atagonga wapi? Katika jalada lake imekwisha andikwa kwamba ni mtoro, na jalada halisahau.

Leo mazungumzo si ya karanga. Ni ya gesi, na ya madini ya kinywe kule Ruangwa, na ya bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Hesabuni wenyewe: ni miaka 30. Karani aliyeanza kazi Kilwa siku ile ya ugunduzi akiwa kijana, siku gesi inapita alikuwa akihesabu miezi ya kustaafu. Kadhalika mtambo wa kusindika gesi unaokusudiwa kujengwa Likong'o, hapa Lindi: mwezi wa Juni 2022 Serikali ilitia sahihi makubaliano ya awali na makampuni ya Equinor na Shell, na tangu siku hiyo wako vijana wa ofisini wanaojiona tayari wamevaa kofia ngumu. Huenda ukajengwa, nami naomba ujengwe. Lakini kujiuzulu kwa sababu ya mtambo usiokuwapo ni kupanda chombo ambacho bado ni mti msituni.

Basi tumchukue karani mmoja wa masijala, tusimpe jina, mwenye miaka 13 na miezi 4 kazini. Kampuni moja imemwita, mshahara ni karibu mara mbili. Jambo la kwanza ahesabu: miaka 13 na miezi 4 ni miezi 160. Katika Mfuko wetu wa PSSSF, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF, mtu hustahili pensheni ya kila mwezi akiwa amechangia miezi isiyopungua 180. Amebakiza miezi 20. Je, miezi yake 160 itahesabiwaje akihamia kwa mwajiri asiye Serikali? Asimwulize jirani yake wa meza. Aandike kwenye Mfuko, ajibiwe, na lile jibu aliweke pamoja na barua yake ya ajira. Ni ajabu kubwa kwamba sisi tunaotunza majalada ya wilaya nzima hatuna jalada letu wenyewe nyumbani. Barua ya kupandishwa cheo imefunikia mtungi, na barua ya kuthibitishwa kazini haijulikani iliko.

Akiisha kujua hesabu yake, ndipo aende kwa mkubwa. Mkubwa huyo siku hizi yamkini ni kijana wa umri wa mwanawe. Hilo lisimzuie, kwani heshima ni ya kiti, na kijana naye anajua kumpa mzee shikamoo. Aombe saa yake mapema, asimkamate mlangoni mtu akielekea kwenye kikao. Afunge mlango. Aseme neno lake kwa ufupi:

"Mheshimiwa, nimekuja kwa jambo langu mwenyewe, si la jalada. Nimeitwa kwenye kazi nyingine, wala sijatia sahihi. Kabla ya kujibu nataka kujua, ofisi inanitazamia nini katika miaka miwili hii: je, kuna kupanda daraja, kuna masomo, au nitabaki nilipo?"

Angalieni kwamba hakutisha, hakuomba nyongeza kwa kuonyesha barua ya kampuni kama mtu aonyeshaye panga. Ameuliza swali ambalo mkubwa anaweza kulijibu. Mkubwa aambiwaye "nitaondoka msiponiongeza" hawezi kitu, maana mshahara wa Serikali hautoki mfukoni mwake. Lakini mkubwa aulizwaye "mwaka gani?" aweza kumwita Afisa Utumishi, akafungua ikama, akatazama.

Neno hili ikama ndilo lenye ufunguo. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na miezi mingi kabla ya hapo ofisi imekwisha andika watumishi wangapi inawahitaji, wa kada gani, na wa mshahara gani. Atakayeleta nia yake ya masomo mwezi wa Agosti amelikuta jahazi limekwisha tweka. Mkubwa atamjibu "subiri," naye atatoka akisema amechukiwa, kumbe hakuchukiwa, amechelewa. Tena lipo kosa kubwa zaidi, nalo ni la mtu anayesoma kwa siri miaka mitatu, kisha akaleta cheti mezani na kudai abadilishiwe kada. Cheti ni halali, jasho ni lake, lakini katika ikama hakuna nafasi iliyoandikwa kwa ajili yake, na ruhusa ya masomo haimo katika jalada. Mtu huyu hunyong'onyea miaka. Angalisema siku alipoanza kusoma, ofisi ingalikuwa na miaka mitatu ya kumtafutia mahali.

Akitoka kwa mkubwa, aandike barua siku ile ile, mistari sita yatosha, yenye tarehe, ikipita kwa Mkuu wa Idara: "Narejea mazungumzo yetu ya leo, ambapo uliniambia hivi na hivi." Si kwamba mkubwa ni mwongo. Wakubwa huhamishwa. Ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa katika gari moja na masanduku yake, na mgeni ajaye hurithi majalada tu.

Kwa wanaohama kutoka ofisi moja ya umma kwenda nyingine, neno hili hata si la hiari. Matangazo ya nafasi za Serikali yanasema wazi kwamba aliye katika utumishi wa umma aipitishe barua yake ya maombi kwa mwajiri wake. Ombi lililorushwa juu ya kichwa cha mwajiri hurudi na aibu. Na kwa anayeondoka kabisa, asome masharti ya kuacha kazi kabla ya kufungasha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataja notisi ya siku 28 kwa mtu alipwaye kwa mwezi; sisi tunazo tena Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, na kila mmoja ana barua yake ya ajira. Tena atazame deni lake. Mwenye mkopo wa benki unaokatwa katika mshahara asidhani benki itasahau kwa kuwa yeye amehamia Ruangwa.

Nifike sasa kwenye fundo lililo gumu. Je, kama safari ya mbele ni ile ambayo mwajiri hawezi kuikubali? Hili nalo lina historia. Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, chini ya Gavana Twining, ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wa Serikali kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Rashidi Kawawa, ambaye katika utoto wake alisoma Liwale huku kwetu, alikuwa mtumishi wa Serikali na kiongozi katika chama cha watumishi Waafrika. Mwaka 1956 aliiacha kazi ya Serikali ili awe huru kuingia katika siasa. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Mwaka mmoja kabla yake, Machi 1955, Mwalimu Nyerere alilazimika kuchagua kati ya kufundisha Pugu na kuongoza TANU, akaandika barua ya kujiuzulu. Hawa wawili hawakuibia mwajiri saa za kazi wakajificha nyuma ya kabati. Palipokuwa hapana njia ya kuchukua yote mawili, waliacha moja kwa uwazi, wakapoteza mshahara huku wana watu wa kulisha.

Nalileta hili kwa kuwa wengine hudhani kusema na mwajiri ni kumwomba ruhusa ya kuishi. Sivyo. Pengine jibu lake ni "hapana," na hiyo "hapana" nayo ni habari yenye faida: sasa wajua kwamba mlango huu umefungwa, nawe waweza kupima, uubakie mshahara au uende. Asiyeuliza hubaki miaka kumi akingojea kitu ambacho hakikuwamo katika ikama hata siku moja.

Na mkubwa akiwa ndiye yule wa kwanza niliyemtaja, anayeweka watu kando? Basi usimwendee peke yako kwa mdomo. Anza na barua, nakala kwa Afisa Utumishi, na umwarifu mwakilishi wa chama chetu mahali pako pa kazi. Mtu mwenye tabia ya kulipiza kisasi huogopa karatasi yenye tarehe. Ukiona baada ya barua ile jina lako limeondolewa katika orodha bila sababu, chama kina kitu cha kushika mkononi kikienda kukutetea. Bila barua, tutakwenda na masikitiko tu, na masikitiko hayaandikwi katika muhtasari wa kikao.

Bwana Mwenyekiti, Katibu ameniambia kwamba wako wanachama waliokuja na barua zao za ajira leo. Nitabaki hapa baada ya mkutano tuzisome pamoja, tuanze na zile zenye miezi michache kabla ya 180. Sasa nasikiliza maswali.