Lugha Kabla ya Kisu

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba fulani kapanda ndege kwenda Istanbul kupandikiza nywele, au fulani kaenda kupunguza tumbo. Mimi sina ugomvi nao. Fedha ni zao na mwili ni wao. Ninalotaka tuzungumze wiki hii ni swali ambalo wengi hawajiulizi wanapokata tiketi: mbele ya daktari, watasemaje?

Mswahili akifika Uturuki hupata faraja ya haraka. Husikia saat, dakika, tabip, sabun, akadhani yuko kwa majirani. Ni kweli, maneno hayo na yetu asili yake ni moja, Kiarabu. Lakini saa za Mturuki si zetu. Akikuambia usile kitu tangu saat on iki, yaani 12, yeye anasema saa sita usiku. Wewe ukielewa saa kumi na mbili alfajiri, utakula usiku kucha, na chakula kikiwa tumboni wakati umelazwa kwa nusukaputi huweza kupanda na kuingia mapafuni. Watu hufa kwa hilo.

Basi mtu hutafuta mkalimani. Wapo vijana wetu wanaosoma huko, na ni hodari. Lakini hebu fikiria mama wa miaka hamsini anataka kueleza habari za matiti yake, na mkalimani ni kijana wa rika la mwanawe, anayemwamkia shikamoo. Mama atasema "hapa juu", kijana atainamisha macho aseme "kifua", na daktari ataandika anachodhani. Akiulizwa kama amewahi kutoa mimba au kama anatumia mkorogo, mama atajibu hapana, kwa sababu ya kijana, si kwa sababu ya daktari. Heshima yetu ni kitu kizuri, ila katika chumba kile inaficha mambo ambayo daktari lazima ayajue. Kwa maoni yangu mama huyo atafute mkalimani mwanamke, asiyemjua, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Yupo pia mkalimani wa bure, anayeletwa na kliniki au na dalali aliyekutafutia kliniki hiyo. Kama mtu huyo analipwa kwa kila mgonjwa anayekubali kupasuliwa, unadhani atatafsiri neno "hatari" kwa sauti ile ile aliyoitumia daktari?

Neno moja linatosha kuharibu. Mwaka 1980 huko Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali hana fahamu. Jamaa zake wakasema kwa Kihispania "intoxicado", wakiwa na maana kwamba amedhuriwa na kitu alichokula. Madaktari wakaelewa kwamba amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu hivyo, kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu. Fidia yake ilikadiriwa kufikia dola milioni 71. Pale hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyeona haja ya kumwita mkalimani.

Lugha yetu nayo ina mitego yake. Mguu kwetu unaanzia nyongani hadi vidoleni. Wenzetu wana maneno mawili. Kovu la kawaida na kovu linaloota na kuvimba, ambalo ngozi nyeusi hulipata zaidi, yote twayaita kovu. Na wanaokwenda kupandikiza nywele wajue kwamba hesabu wanayotajiwa ni ya vishina, na kishina kimoja huweza kuwa na unywele mmoja hadi minne.

Kwa hiyo kabla ya safari, kaa na daktari wako wa hapa akuandikie magonjwa yako na dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo. Siku ya mazungumzo, chora kwa kalamu juu ya picha yako mwenyewe. Kisha mwambie mkalimani akurudishie kwa Kiswahili kila alichosema daktari, nawe umrudishie daktari ulivyoelewa. Na ile fomu ya ridhaa, iombe siku kadhaa kabla, isomwe yote kwa sauti. Ukiletewa asubuhi ya kupasuliwa, umekwisha kuvaa gauni la hospitali, unayo haki ya kuvaa nguo zako ukatoka.